Mbaazi za Manyara, Dali ya Wenzetu

Ipo methali ambayo siku hizi imegeuzwa rungu la kuwapigia watu jikoni mwao: mwacha asili ni mtumwa. Nimeisikia katika makongamano ya wanafunzi, nimeisikia katika maongezi ya watumishi wa umma saa ya chai, na nimeisikia hapa Katesh mezani kwa watu wazima wenye elimu na heshima zao. Kila inapotajwa huandamana na orodha ya watuhumiwa: chapati, pilau, biriani, sambusa, dali. Tunaambiwa kwamba familia inayopika nyumbani vyakula vyenye nasaba ya Asia imeuza utamaduni wake kwa harufu ya binzari, na kwamba mzalendo wa kweli hutambulika kwa ugali wake.

Naipinga hoja hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, haina mizizi katika historia. Pili, na hili ndilo zito, inamshtaki aliyepika na kumwacha huru aliyeharibu. Katika mkoa wetu wa Manyara hasara inayotokana na fikra hiyo inaweza kupimwa kwa magunia.

Tuanze na hiyo asili yenyewe. Mahindi, ambayo unga wake tunauapia kana kwamba mababu walizaliwa nao, yalitoka Amerika. Mihogo ilitoka Amerika. Maharage, viazi vitamu, karanga, nyanya na pilipili, vyote vilivuka bahari ya Atlantiki baada ya safari za Wahispania na Wareno zilizoanza mwishoni mwa karne ya 15. Hakuna Mwiraqw wala Mbarabaig aliyeonja ugali wa mahindi kabla ya hapo. Nafaka zilizozaliwa katika bara hili ni mtama, uwele na ulezi, nazo ndizo tulizozibatiza jina la chakula cha njaa mara tu tulipopata mashine ya kusaga sembe. Anayeitetea asili kwa bakuli la sembe anamtetea mgeni aliyekaa sana.

Historia inakwenda mbali zaidi ya hapo. Mtama, uwele na ulezi vilisafiri kutoka Afrika kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Huko mtama uliitwa jowar, uwele ukaitwa bajra na ulezi ukaitwa ragi. Mpaka leo, katika Maharashtra, Gujarati na Karnataka, unga huo hukandwa kwa maji ya moto, hutandazwa kwa kiganja na kuokwa juu ya chuma ukawa mkate bapa wa kuliwa na familia nzima. Mbaazi zilikwenda safari ya kinyume: asili yake ni Bara Hindi, zikaja kwetu zamani sana, zikaota, zikazoea udongo wetu hata tukasahau kwamba zilikuwa wageni. Basi mtu wa Hanang anayekanda unga wa mtama kwa namna ya Gujarati, akaula kwa dali ya mbaazi za shamba lake, amemwasi babu gani? Amerudisha nyumbani nafaka iliyopotea, kwa mkono wa jirani aliyeitunza vizuri kuliko sisi.

Pwani walilielewa jambo hili mapema. Pilau na biriani ni majina yenye chimbuko la Kiajemi. Chapati na kachumbari yametoka kwa Wahindi. Chai ni neno la Wachina lililopita katika vinywa vingi kabla ya kutufikia. Lugha yetu iliyapokea yote bila kuona haya, na vyungu vyetu vikafanya vivyo hivyo. Mbaazi za nazi zinazoliwa asubuhi kwa mahamri mjini Mombasa, Tanga au Unguja haziwezi kurudishwa India wala kudaiwa na Uajemi. Ni za Waswahili. Hata chapati yetu, inayopakwa mafuta, kuviringwa kama konokono na kusukumwa tena ili ipate matabaka, iko karibu zaidi na mkate ambao Wahindi huuita paratha kuliko ule wanaouita wenyewe chapati. Tuliazima jina moja tukaliweka juu ya kitu kingine, kisha tukakifanya chakula cha sikukuu. Huo ndio utamaduni unapofanya kazi yake.

Sasa niiache historia ya kale nije kwenye deni la juzi.

Mbaazi ni zao kubwa la mkoa wetu. Hulimwa Babati, hulimwa hapa Hanang, hulimwa kwa jirani zetu wa Karatu, aghalabu zikichanganywa na mahindi katika shamba moja. Ni mmea mwungwana: huurudishia udongo rutuba, huvumilia jua lililoyashinda mahindi, na baada ya mavuno vijiti vyake huwa kuni. Lakini kwa miaka mingi tumezilima tukiwa na mnunuzi mmoja akilini, naye ni India, mlaji mkubwa wa mbaazi kuliko nchi yoyote duniani. Mbaazi zetu huondoka katika magunia, nzima na ghafi, ziende zikakobolewe na kupasuliwa huko ziwe dali. Kaskazini waiite arhar, magharibi waiite tur, na kusini waipikie mchuzi wa sambar. Kazi ya kukoboa, faida ya kukoboa na pumba za kulishia ng'ombe hubaki huko.

Mwezi Agosti mwaka 2017, India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazoingia kutoka nje. Haikufanya hivyo kwa chuki dhidi ya mkulima wa Katesh. Wakulima wake walikuwa wamevuna kupita kiasi baada ya bei nzuri ya msimu uliotangulia, nayo serikali yao ikaamua kuwalinda, kama serikali yoyote yenye akili ingefanya. Amri hiyo ya kurasa chache ilivuka bahari, ikapanda milima, ikamkuta mkulima wa Manyara ameketi juu ya magunia yake. Bei iliyokuwa imepita shilingi elfu mbili kwa kilo ikaporomoka hadi shilingi mia chache. Wapo walioacha mbaazi shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi thamani ya mavuno. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, bei ikapanda, nasi tukashangilia na kurudi kulima kwa macho yale yale ya kumtazama mnunuzi mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nasi hatukutegemea cha ndugu tu, tulitegemea njaa yake.

Swali ninalowauliza wasomi na watumishi wenzangu ni hili: mwaka ule bei ilipoporomoka, kwa nini hatukuzila? Magunia yalikuwa hapa. Watoto walikuwa hapa, na wengi wao walikuwa wanakula ugali kwa mboga ya majani peke yake. Mbaazi kavu zina protini inayozidi kidogo sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani takriban asilimia 21, na zina hasa kile ambacho nafaka hupungukiwa. Ndiyo maana mchanganyiko wa nafaka na jamii ya kunde huhesabiwa kuwa mlo uliotimia kwa mtu asiyemudu nyama. Chakula kilikuwapo, walaji walikuwapo, bei ilikuwa ya kutupa. Lakini mbaazi hazikuhama kutoka gunia kwenda chungu, kwa sababu vichwani mwetu zilikuwa na majina mawili tu: nje zao la biashara, ndani chakula cha maskini. Na ile namna ya kuzipika iliyozifanya zipendwe na mamia ya mamilioni ya watu tulikuwa tumeibandika jina la tatu: chakula cha Wahindi.

Watafiti wetu, walipotoa mbegu bora za mbaazi kwa ajili ya wakulima wa nchi hii, waliipa moja jina la Mali na nyingine jina la Tumia. Sijui kama waliyapanga majina hayo yasomwe pamoja, lakini mimi huyasoma hivyo. Sisi tuliishika Mali tukaisahau Tumia.

Najua jibu litakalokuja: mhadhiri anataka kutibu soko la dunia kwa sufuria. Hapana. Vyungu vyote vya Manyara, hata vikipikiwa dali kila siku, haviwezi kumeza mavuno yote yanayouzwa ng'ambo. Ninachosema ni kwamba zao lenye mlaji nyumbani lina sakafu, na zao lisilo na mlaji nyumbani lina shimo. Tazama mahindi: bei yake hupanda na kushuka, wakulima huumia, lakini hayajawahi kukosa mtu wa kuyala. India yenyewe ilithubutu kutufungia mlango kwa sababu mbaazi zake zina walaji kwake. Nguvu ya kufunga mlango hutoka jikoni.

Chapati ina hadithi yake, nayo ni chungu zaidi. Wale wanaoilaani kuwa ni chakula cha kigeni waje wasimame upande wa Basotu, watazame mashamba ya ngano. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua katika nyanda za Hanang mashamba saba makubwa: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Murjanda, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla yalifika takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha ipasavyo, kwa maana ya sheria, kuwa wao ni wenyeji.

Msomaji na airudie sentensi hiyo ya mwisho. Watu waliochunga ng'ombe chini ya Mlima Hanang tangu kabla ya Wajerumani waliambiwa hawajathibitisha wenyeji wao. Hapo ndipo methali ya asili na utumwa ilipokuwa na kazi ya kufanya, na hapo ndipo wengi wa walinzi wa utamaduni walipokaa kimya. Ngano ile ilikwenda kulisha mikate ya miji. Baadaye mashamba yalibinafsishwa, na baadhi ya ardhi ikarejeshwa kwa wananchi. Leo nchi yetu, pamoja na mashamba yale yote, bado huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoila. Kwa hiyo ugeni wa chapati, kama upo, usitafutwe katika mviringo wake wala katika jina lake. Utafutwe katika swali la nani alihamishwa ili ngano ilimwe, nani aliuza unga, na kwa nini mtoto wa Mbarabaig anaiona chapati siku ya Krismasi na Idi tu. Kumlaumu mama aliyekanda unga ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo.

Wapo wanaonipinga kwa hoja za jikoni, nao nawaheshimu zaidi kwa kuwa wanajua wanachokisema. Husema: dali inataka viungo vya gharama, inataka nazi ambayo huku haipo, na mbaazi hula kuni. Nijibu kama mtu ninayepika chakula hiki nyumbani kwangu, kwa mikono yangu, kwa ajili ya mama yangu mzazi na watoto wa nyumba ile.

Kuhusu viungo, vingi viko katika mkoa huu. Vitunguu saumu vya Mbulu vinafuatwa na wafanyabiashara kutoka miji mikubwa. Mafuta ya alizeti tunakamua wenyewe na majirani zetu wa Singida. Mchele wenye harufu unatoka Magugu, mwendo mfupi kutoka Babati. Kinachonunuliwa kutoka mbali ni manjano, binzari nyembamba na tangawizi, na vijiko vichache vya viungo hivyo huunga sufuria ya watu wanane. Nazi kweli hatuna. Tuna maziwa, na mchuzi wa dali uliomaliziwa kwa maziwa mabichi kidogo, moto ukiwa umepungua, hauwaonei wivu watu wa Tanga.

Kuhusu kuni, hoja ni ya kweli. Katika mji ulio juu kama Katesh maji huchemka kabla hayajafikia joto la pwani, na mbaazi nzima zinaweza kukaa motoni hadi mpishi akate tamaa. Mimi huziloweka usiku kucha, humwaga maji yale, na kuzichemsha kwa maji mapya bila chumvi mpaka zilainike. Vitunguu maji hukaangwa pembeni hadi viwe rangi ya asali, hufuata tangawizi, manjano na nyanya, kisha mbaazi huingia na kupondwa nusu ili mchuzi uwe mzito. Saumu na binzari nyembamba hukaangwa mwisho kabisa katika mafuta ya moto sana na kumiminwa juu ya chungu kinachochemka. Sauti ile ndiyo huwaita watoto. Lakini mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa hazihitaji taabu hiyo ya kulowekwa. Huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa mbaazi nzima. Basi hoja ya kuni inageuka kuwa hoja yangu: tunachomo kuni nyingi kwa sababu hatukoboi. Serikali imejiwekea Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Mashine ya kukobolea mbaazi ingestahili kuhesabiwa ndani ya mkakati huo, kwa kuwa chakula kinachoiva haraka ni nishati iliyookolewa.

Ipo hoja ya tatu, ambayo wanaume wenzangu hawaisemi kwa sauti: kwamba mapishi haya ni kazi. Ni kazi kweli. Kukanda unga wa chapati kwa familia, kuuacha upumzike, kugawa madonge, kuyasukuma, kuyapaka mafuta, kuyaviringa, kuyasukuma tena na kusimama mbele ya moto saa nzima ni kazi inayochosha mabega. Ndiyo sababu siwezi kuusifu upishi wa nyumbani kwa kalamu huku mabega ya mtu mwingine yakilipa gharama. Mwanamume anayetaka nyumba yake ile vizuri aoshe mikono na asogelee kibao. Ukombozi wa mkulima uliojengwa juu ya uchovu wa mke wake haujamkomboa mtu yeyote.

Kwa hiyo madai yangu ni machache, na kila kundi la wasomaji wangu lina fungu lake.

Kwa watumishi wa umma: halmashauri zetu za Hanang, Mbulu na Babati zina shule, na zina vikao visivyohesabika. Mbaazi za mkulima wa kata husika ziingie katika chakula cha wanafunzi, zikiwa zimekobolewa na kuungwa vizuri, wala zisitupwe ndani ya makande kama adhabu. Mikopo ya asilimia 10 ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inunue mashine za kukoboa na kupasua, hapa hapa zinakolimwa. Mfumo wowote wa kuuza mazao kwa mnada, hata uwe mzuri kiasi gani, utaendelea kuuza ghafi tusipoweka mashine kati ya shamba na mnada.

Kwa wanaharakati: mkipigania haki ya ardhi ya Wabarabaig, pigeni hatua moja zaidi muulize chakula kilichotoka katika ardhi hiyo kiliishia wapi. Haki ya ardhi isiyofika mezani ni nusu ya haki.

Kwa wanafunzi: jifunzeni kupika. Nasema haya kwa uzito ule ule ninaosema mjifunze takwimu. Kijana anayemaliza chuo akiweza kuchambua sera ya biashara ya kimataifa lakini hajui kulainisha mbaazi, amejifunza nusu ya somo, na ni ile nusu inayowanufaisha wengine. Mkipanga chumba watatu au wanne, kilo ya mbaazi ina milo mingi kuliko sahani za chipsi mnazonunua kando ya barabara. Pikeni chapati za mtama mchanganye na ngano, jaribuni, haribuni, jaribuni tena.

Na kwa wale wanaoishika methali ya asili kama rungu, nawasihi waishike sawasawa. Utumwa wa mazao ni kulima usichokula, kuuza usichokikoboa, na kungoja tangazo la wizara ya nchi nyingine likuambie kama mwaka huu mwanao atakwenda shule. Mkulima wa Hanang ameuishi utumwa huo huku akila ugali wake wa asili kila siku bila kukosa. Haukuletwa na chapati, wala hautaondolewa na ugali. Utaanza kuondoka siku mbaazi za Manyara zitakapokuwa na mlaji Manyara, hata kama mchuzi wake unanukia Gujarati.